Riwaya ya bonde la Kitantra: kama wote wana amani, hadithi itoke wapi?

KalamuNzito aliuliza:

Salaam, wapenzi wa vitabu. Naandika riwaya na nimekwama, nikaona niulize hapa kwa sababu humu kuna watu waliosoma kwa kina.

Riwaya yangu ina bonde moja lililofichika, na watu wake wanaishi kwa misingi ya Tantra. Sisemi ile Tantra ya matangazo ya masaji. Nasema ile njia ya kale ya Bara Hindi na Tibet inayoshikilia kwamba ukombozi unapatikana humu humu duniani, ndani ya mwili huu huu wenye njaa na jasho. Mtu hahitaji kuuchukia mwili ili amwone Mungu. Matamanio hayachinjwi, yanafunzwa. Na Shakti, nguvu ya kike, ndiyo inayokitikisa na kukiendesha kila kilichopo.

Nimewapa watu wangu kila ninachokiamini. Hakuna matabaka. Mabinti hawafundishwi kuuonea haya mwili wao. Watoto wanajifunza kutulia na kupumua kabla ya kujifunza kuhesabu. Anayekufa hafi peke yake. Msomaji wangu wa kwanza, mtu ninayemheshimu mno, amenirudishia mswada na kuandika pembeni mwa sura ya saba: "Pazuri sana hapa, natamani nihamie. Lakini hakuna kinachotokea."

Nimerudi kwa waliotangulia. Mkubwa wao kwangu ni Aldous Huxley na riwaya yake *Island* ya mwaka 1962. Pala ni kisiwa cha kubuni ambacho dini yake ni Ubuddha wa Mahayana, tawi kubwa la Ubuddha, uliochanganyika na Tantra. Vijana wanafundishwa maithuna, yoga ya mapenzi. Wanapanda majabali ya hatari, kisha wanapewa dawa ya moksha, yaani ya ukombozi, itokanayo na uyoga. Ndege waliofunzwa wanapita juu ya vichwa vya watu wakiwakumbusha wawe macho, wawe hapa, sasa hivi. Kitabu hiki nakipenda kwa moyo wote. Ila nikikichambua kama fundi, naona kinachokisukuma kinatoka nje: mafuta yaliyo chini ya ardhi, tajiri anayeyataka, na jeshi la Kanali Dipa wa nchi jirani ya Rendang linaloingia kurasa za mwisho. Kabla ya hapo mwandishi wa habari Will Farnaby anatembezwa na kuelezwa, anatembezwa na kuelezwa.

Shaaban Robert katika *Kusadikika* (1951) alipita njia ya pili. Kwake ubovu uko nyumbani na wema uko ugenini: wajumbe sita wanatumwa pande sita, wanarudi na habari za mambo mema, malipo yao ni gereza. Pale moto unawaka mapema, maana Karama yuko kizimbani na Majivuno anamshitaki. Lakini mimi nataka wema uwe nyumbani.

Basi swali langu: je, Tantra yenyewe, kwa ndani, ina mvutano wa kutosha kubeba riwaya nzima? Sitaki jeshi. Sitaki mgeni wa kutembezwa. Na tafadhali tusiishie kwenye ngono. Huko kila mtu ameshakwenda.

UkurasaWaMwisho alijibu:

Dada KalamuNzito, niruhusu nimtetee Huxley kidogo, maana mvutano wa ndani anao, umefunikwa tu na yale maelezo marefu.

Mtazame Rani, mama yake Murugan, kijana anayesubiri kukabidhiwa ufalme. Mama huyu kutwa anazungumzia Roho, maono na uongofu wa dunia, na mambo ya mwili anayaona uchafu. Mwanawe naye ametekwa na katalogi ya bidhaa za Marekani, anaota pikipiki. Ni hao wawili, wa ndani kabisa, wanaomfungulia Dipa mlango. Huxley alikuwa anasema jambo zito: mtu anayeudharau mwili kwa jina la roho, na mtu anayeuabudu kwa jina la vitu, hukutana mezani na kukubaliana. Kwa Tantra hakuna maadui wa karibu zaidi ya hao.

Halafu kuna kifo cha Lakshmi, mke wa Dokta Robert. Anakufa kwa saratani huku Susila, mkwe wake, akimwongoza hatua kwa hatua. Sura ile haina jeshi wala mafuta, na ndiyo niliyoisoma nikashindwa kuendelea siku hiyo. Huxley alimpoteza mkewe Maria kwa saratani mwaka 1955, akakaa kando yake akimnong'oneza kuhusu nuru hadi pumzi ya mwisho. Mwaka 1961 nyumba yake Los Angeles iliteketea pamoja na vitabu na barua zake, lakini mswada wa *Island* ukaokolewa. Kifo kimo ndani ya bonde lako pia. Kitumie.

MchoraMandala alijibu:

KalamuNzito, swali lako liliwahi kuulizwa Kashmir miaka elfu moja iliyopita, na aliyelijibu alikuwa bingwa wa Tantra na bingwa wa tamthilia kwa wakati mmoja. Ni Abhinavagupta, aliyeandika takribani mwaka 1000. Kwa mkono mmoja aliandika *Tantraloka*, bahari ya elimu ya Kitantra. Kwa mkono wa pili aliandika ufafanuzi wa *Natyashastra*, kitabu cha kale cha sanaa ya jukwaa.

Wahakiki wa Kisanskriti walikuwa na orodha ya ladha ambazo kazi ya sanaa inaweza kumwonjesha mtazamaji: mapenzi, kicheko, huzuni, hasira, ushujaa, hofu, karaha na mshangao. Wengine wakataka kuongeza ya tisa, utulivu. Wapinzani wakasema haiwezekani, kwa sababu mtu aliyetulia hafanyi lolote, na asiyefanya lolote huwezi kumpandisha jukwaani. Yaani walisema kile kile alichokuandikia msomaji wako pembeni mwa sura ya saba.

Abhinavagupta akasimama upande wa utulivu. Akashikilia kwamba ndio unaozibeba zile nane, zinachipuka ndani yake na kurudi ndani yake. Na kabla yake, Anandavardhana wa Kashmir hiyo hiyo alikuwa ameshatoa mfano ambao ningekuomba uukalie: alisema kwamba ladha kuu ya *Mahabharata* ni utulivu. *Mahabharata*! Kitabu ambacho ndugu wanachinjana na karibu wapiganaji wote wanaangamia, washindi wenyewe wanabaki na ufalme wasioutamani. Utulivu ule haumo ndani ya kambi za vita. Anabaki nao msomaji baada ya kushuhudia jinsi kila kilichogombaniwa kilivyomponyoka aliyekipata.

Wewe umewapa amani wahusika. Mpe msomaji. Wahusika wape kazi ngumu ya kuitafuta, na wengine waikose.

Sasa kuhusu mvutano wa ndani. *Kularnava Tantra* ina kauli moja ambayo ingekutosha wewe na wajukuu zako. Inazungumzia duara la usiku, ile ibada ambamo wafuasi wanaketi pamoja, wanakula na kunywa vile ambavyo Mbrahmani wa kawaida, mtu wa tabaka la makuhani, asingevigusa. Inasema duara linapoanza, watu wa matabaka yote ni sawa na waliozaliwa mara mbili, yaani watu wa matabaka ya juu. Duara likiisha, kila tabaka linarudi mahali pake, mbali mbali. Soma hilo polepole. Jamii bora ipo, ni ya kweli, watu wameiishi kwa miili yao, na inakoma alfajiri. Kila riwaya ya aina yako inajaribu kulirefusha duara lile liwe la mchana na la mwaka mzima. Nani atakubali? Nani atapoteza? Yule aliyeketi usiku bega kwa bega na bwana wake, asubuhi anapolitwaa fagio anawaza nini?

Na kama unataka taifa zima badala ya duara, nenda Shambhala, ufalme uliofichika wa masimulizi ya Kibuddha. Watu wengi wanaijua Shambhala kupitia kivuli chake, Shangri-La ya riwaya ya James Hilton (1933), kivuli kilichopendwa hadi China ikaipa jina hilo wilaya moja ya mkoa wa Yunnan mwaka 2001. Lakini asili ni Kalachakra, Tantra ya Kibuddha iliyojitokeza Bara Hindi katika karne ya 11. Humo mfalme Suchandra anapokea mafundisho kutoka kwa Buddha na kuyapeleka Shambhala. Vizazi kadhaa baadaye mfalme Manjushri Yashas anawaita Wabrahmani wa nchi yake na kuwataka waingie wote katika mandala ya Kalachakra, yaani duara takatifu ambamo mtu anaingizwa katika mafundisho, wawe ukoo mmoja na watu wengine, bila tabaka. Wanakataa. Wanafunga safari kwenda zao Uhindi wakiongozwa na Suryaratha. Mfalme, kwa nguvu ya tahajudi yake, anawapumbaza njiani wasijue waendako, na wanajikuta wamerudishwa. Ndipo wanaingia mandala.

Mapokeo yanausimulia mwisho huo kama rehema. Mimi kila nikisoma nasikia swali likinigonga: usawa uliopatikana kwa kumpotezea mtu njia ya kuondokea ni usawa wa namna gani? Hapo hakuna jeshi la nje. Kuna mfalme mwema, wazo jema, na watu waliosema hapana.

TarabizuniYaNyuma alijibu:

Mwanangu KalamuNzito, umeandika vizuri na nakuombea kitabu kikamilike. Mimi nimesimama kwenye ile kauli yako ya mabinti na Shakti.

Kumheshimu mwanamke kama mungu si sawa na kumsikiliza. Maandiko mengi ya Tantra yanamwimbia Devi, mungu wa kike, kwa utenzi wa kukata na shoka, lakini anayeelekezwa humo afanye hiki na kile ili akombolewe, aghalabu ni mwanamume. Mwanamke yumo kama mlango wa kupitia. Hii ni kasoro ya ndani na ina umri mrefu, kwa hiyo usiiruke kwa sababu bonde lako ni la watu wema. Binti anayesujudiwa usiku wa ibada anaweza kuwa na jambo lake la kusema ambalo hakuna aliyemuuliza.

Mtafute Lal Ded, mshairi wa Kashmir wa karne ya 14, katika njia hiyo hiyo ya Kitantra ya mungu Shiva. Inasimuliwa kwamba aliolewa mdogo, na mama mkwe wake alikuwa akiweka jiwe kwenye sahani kisha analifunika kwa wali, ili aonekane amepakuliwa chakula kingi. Lal alikula, akaliosha lile jiwe, akalirudisha. Hakusema. Baadaye aliiacha nyumba ile, akamfuata mwalimu wake, akatembea na kuimba. Mashairi yake mafupi yanaimbwa na Wahindu na Waislamu wa Kashmir hadi leo. Ukombozi wake ulianzia jikoni kwa watu waliomnyima, na lile jiwe lina riwaya nzima ndani yake. Bonde lako lina jikoni? Katika yote uliyotueleza sijaiona.

FakiriWaNyimbo alijibu:

Kwa ruhusa ya wakubwa, nami niongeze mawili.

Ndugu MchoraMandala ameeleza Shambhala lakini ameacha mwisho wake. Kalachakra inatabiri kwamba mfalme wa mwisho, Raudra Chakrin, atatoka na majeshi kuwaangamiza wamleccha, yaani washenzi wa kigeni, ndipo zama njema zianze. Wanazuoni wengi wanaona kwamba wamleccha hao ni Waislamu, na si ajabu ukikumbuka kwamba maandiko yanatoka kizazi kile kile cha mashambulizi ya sultani Mahmud wa Ghazni huko Bara Hindi. Mimi ni Mwislamu, na nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda mrefu. Kuna wafafanuzi wa Kitibeti wanaoisoma vita ile kama vita ya ndani ya mwili, pumzi dhidi ya ujinga, na tafsiri hiyo imo ndani ya maandiko yenyewe. Naiheshimu. Lakini msomaji wako atakuwa yeyote, dada, na jamii bora lazima iulizwe inamfikiria nani inaposema "wale".

La pili ni dawa ya hilo la kwanza. Wasikilize Wabaul wa Bengali, waimbaji watembezi wa njia ya kiroho, na zaidi Lalon Fakir, aliyefariki mwaka 1890. Ndani ya nyimbo zake Tantra, Uvaishnava (ibada ya mungu Vishnu) na tasawwuf vimekaa pamoja bila kugombana: mwili ni ulimwengu mdogo, humo kuna ndege asiyejulikana anayeingia na kutoka, humo anakaa yule Mtu wa moyoni. Watu walimuuliza Lalon yeye ni wa kundi gani, akajibu kwa wimbo kwamba hajawahi kuona sura ya hilo kundi. Wafuasi wake hawakujenga ufalme uliofichwa milimani. Waliimba barabarani, wakalishwa na waliotaka kuwalisha, wakatukanwa na wanazuoni wa pande zote mbili, Wahindu na Waislamu. Huenda bonde lako linahitaji njia inayopita katikati.

KalamuNzito alijibu:

Ndugu zangu, na wewe mama, ahsanteni. Nimesoma majibu haya hadi mchana.

Nilichokipata kwa MchoraMandala kimenipindua. Nilikuwa nimeandika "hakuna matabaka" kana kwamba yalijiondokea yenyewe. Hayajiondokei. Kwa hiyo sasa yaliondolewa kwa amri, na watu walioiona siku ile bado wako hai. Nimempata bibi mmoja. Alipokuwa msichana, familia yake ilikataa kuingia mandala, ikafunga mizigo ikaondoka, na asubuhi ikajikuta langoni pale pale ilipotokea. Wenzake wote waliupokea muujiza. Yeye hakuupokea. Ameishi miaka sitini ndani ya jamii njema, amependwa, amefunzwa, watoto wake wana furaha, na hajawahi kusamehe kwamba hakuruhusiwa kwenda.

Jikoni nitampa yeye. Mama TarabizuniYaNyuma, swali lako nimelibeba lote.

Ninachojiuliza sasa ni kama mwishoni apone. Nawapenda sana watu wa bonde hili, nami sitaki kuwaaibisha. Mafundisho yao ni ya kweli kwangu.

MchoraMandala alijibu:

Usimponye ili mafundisho yaonekane ya kweli. Mpe langoni asubuhi moja ya kuchagua mwenyewe, hata kama amezeeka mno kwenda mbali, na mwalimu wa bonde awe na ujasiri wa kulifungua na kusimama pembeni bila kumfanyia muujiza wowote. Anaweza kutoka. Anaweza kukaa. Vyovyote vile, itakuwa mara ya kwanza bonde lako linafanya kile linachokifundisha.

Na Farnaby wako wa kutembezwa humhitaji tena. Bibi huyu anajua kila chumba, na kila chumba kina kesi naye.

KalamuNzito alijibu:

Sura ya saba naifuta leo. Naanza na kile kizazi kilichofunga mizigo, na naandika safari yao ya kuondoka kwa urefu wote, wanachobeba, wanachokiacha, wanachokisema kuhusu mfalme, kabla msomaji hajajua kwamba watarudishwa. Nikimaliza nitaileta hapa muisome.